Kukadiria Vipeo Katika Mtihani

Kijana anayetaka kusomea shahada ya pili ya biashara huko Marekani huenda akatakiwa kufanya mtihani uitwao GMAT, ambao ada yake hulipwa kwa dola na huitikisa mifuko ya jamaa nzima. Sehemu yake ya hesabu ina maswali 21 kwa dakika 45, na mashine ya kuhesabia hairuhusiwi. Basi akutanaye na 2⁶³ akaanza kuzidisha mbili kwa mbili, muda umekwisha kumponyoka.

Hapana budi akumbuke kwamba 2¹⁰ ni 1,024, namba iliyo jirani kabisa na 1,000, yaani 10³. Namba 2⁶³ ni sawa na 2⁶⁰ mara 2³, kwa kuwa namba za asili moja zikizidishwa vipeo vyake hujumlishwa. Nayo 2⁶⁰ ni 2¹⁰ iliyopandishwa kwa kipeo cha 6, takriban 10¹⁸. Jibu, basi, ni 8 ikifuatwa na sifuri 18. Namba halisi imezidi kidogo 9.2 mara 10¹⁸.

Tofauti hiyo yatoka wapi? Yatoka katika ile 24 tuliyoitupa, ambayo huzaana kila kipeo kinapopanda. Katika 2¹⁰ ni kama asilimia 2 tu. Katika 2¹⁰⁰, tuliyoikadiria kuwa 10³⁰, namba halisi huzidi kwa asilimia 27 hivi. Kwa hiyo mtahiniwa na ayatazame kwanza majibu matano aliyopewa. Yakiachana mbali, kama 10²⁵ na 10³⁰, makadirio yatosha. Yakibanana, makadirio yatampoteza.

Pengine hata kukadiria si lazima. Kati ya 3⁴⁰ na 2⁶⁰, ipi kubwa? Ya kwanza ni 9²⁰, ya pili ni 8²⁰. Kazi imekwisha.

Lakini linalowaangusha wengi, kwa maoni yetu, ni kujumlisha 2³⁰ na 2²⁰ wakapata 2⁵⁰. La hasha! Vipeo hujumlishwa pale namba zinapozidishwa tu. Hapa 2²⁰ haifiki hata sehemu moja ya elfu ya 2³⁰, na jumla yao haisogei mbali na 2³⁰ yenyewe. Aliyechagua 2⁵⁰ amelikuza jibu zaidi ya mara milioni moja.