Wakili wa Mirathi: Mjane wa Isaka Aanzie Wapi?

Tuchukue mfano wa dereva wa malori yaendayo Kigali, aliyejenga Isaka karibu na bandari kavu. Amefariki, akaacha mke, mabinti wawili na mama mzazi. Asili yake ni Tabora. Mjane hajamaliza eda, na tayari kaka wawili wa marehemu, wa baba mmoja na mama mmoja, wamefungua shauri Tabora, kwa hoja kwamba ukoo uko huko. Mmoja wao ameteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, na sasa anatafuta mnunuzi wa nyumba ya Isaka.

Tuitazame kwanza hesabu ya Suratun-Nisaa. Baada ya mazishi, madeni na wasia usiozidi theluthi, mali igawanywe mafungu 24. Mke ana thumni, mafungu 3. Mama ana sudusi, mafungu 4. Mabinti wana thuluthi mbili, mafungu 16. Linabaki fungu 1, na hilo ndilo la kaka wote wawili. Usimamizi hauongezi hata chembe juu yake. Msimamizi ni mtumishi wa warithi.

Kisha kuna suala la mahakama. Kwa sheria ya Tanzania Bara, mirathi ya Kiislamu hufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa na makazi yake ya kudumu. Marehemu wetu alikaa Isaka, si Tabora. Uteuzi uliotolewa na mahakama isiyo na mamlaka unaweza kutenguliwa, na hapo ndipo mjane anapomhitaji wakili hasa. Eda haimzuii kudai haki: jamhuri ya wanazuoni wamemruhusu mfiwa kutoka mchana kwa haja.

Lau kusingekuwa na ugomvi, cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha familia na Fomu Namba 1 vingetosha, bila wakili. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa hata kusimama Mahakama ya Mwanzo. Marekebisho ya 2021 yamewafungulia mlango pale anapoketi hakimu mkazi.

Wakili atafutwe Kahama mjini, lakini asichukuliwe yeyote anayeshika mkoba nje ya mahakama. Vishoka ni wengi. Aulizwe leseni yake ya mwaka huu. Jina lake lazima liwemo katika rejesta ya mawakili inayotunzwa na Msajili wa Mahakama Kuu. Kila malipo yawe na stakabadhi. Anayedai sehemu ya nyumba kuwa ujira wake aachwe. Wala asikubaliwe wakili yule yule anayemtetea shemeji. Asiye na uwezo awaendee wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya 2017. Huduma yao ni bure.

Wako watakaosema sheikh anatosha. Sheikh atapiga hesabu, na ni vema aipige kwa maandishi, lakini karatasi yake haifungui akaunti ya benki wala haibatilishi barua ya uteuzi. Mahakama za kadhi za Bara zilifutwa tangu miaka ya 1960.

Na iwapo uteuzi wa Tabora hautatenguliwa, bado msimamizi anawajibika: ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa lazima awasilishe mahakamani orodha kamili ya mali na madeni. Muda huo ukipita kimya, mjane aende na jina la shauri, aombe jalada lisomwe na msimamizi aitwe.