Paka wa Nyumba Haingwa, Wala Hatelekezwi

Kila amri ya uhamisho ifikapo kambini, lori huletwa mbele ya kota na vitu vikapakiwa: vitanda, magodoro, masufuria, baiskeli, na mara nyingi hata kuku. Anayesahauliwa ni paka. Lori huondoka, mlango hufungwa, na mnyama aliyekuwa mkaazi wa nyumba ile kwa miaka miwili au mitatu hubaki barazani. Haupiti muda mrefu naye amekwisha kuwa paka shume wa jaani, mdokozi wa jikoni za watu, anayeandamwa kwa mawe na watoto wale wale waliokuwa wakimbeba. Sisi tunaona kwamba desturi hii haimpasi askari, na yafaa tueleze sababu.

Wanaoitetea desturi hiyo husema kwamba mbwa humpenda mtu, bali paka huipenda nyumba. Kwa hiyo ukimwacha paka nyumbani hukumwondolea kitu. Maneno haya yamesemwa siku nyingi hata yakaaminika. Lakini wataalamu waliojishughulisha kumpima paka wameona mambo mengine.

Kwanza tutazame asili yake. Paka wa nyumbani ametokana na kimburu, paka wa porini anayeishi Afrika na Mashariki ya Karibu. Uchunguzi wa urithi wa damu uliotangazwa mwaka 2007 ulithibitisha kwamba paka wa nyumbani wa dunia nzima ni wa ukoo wa kimburu wa Mashariki ya Karibu. Katika kisiwa cha Cyprus lilifukuliwa kaburi la miaka kama 9,500 iliyopita, ambamo mtu na paka walizikwa karibu karibu; habari zake zilitolewa mwaka 2004. Kimburu ni mwindaji wa peke yake. Hatembei kundini kama mbwa mwitu, wala hana mkubwa wa kumwamuru. Kwa hiyo paka wetu ana urithi wa namna mbili: uwezo wa kukaa peke yake, na mazoea ya maelfu ya miaka ya kuishi na binadamu.

Je, paka humwonaje mwenyewe? John Bradshaw, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Bristol huko Uingereza, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2013 kwamba paka hana mwenendo aliouweka kwa ajili ya binadamu tu. Hutufanyia yale yale anayomfanyia paka mwenzake: huinua mkia wima anapotujia, hujisugua miguuni, na hukandakanda kwa vidole kama alivyokanda ziwa la mama yake. Basi machoni pake sisi ni kama paka wakubwa wasio na ubaya, jamaa wa nyumba moja. Cheo hakijui. Kanali na kuruta kwake ni sawa, ila yule anayemtendea wema.

Wala hatuchanganyi na wengine. Mwaka 2013 wataalamu wa Ujapani, Atsuko Saito na mwenzake, waliwasikilizisha paka 20 sauti za wageni na sauti ya mwenyewe. Paka walimtambua mwenyewe. Walionyesha hivyo kwa kugeuza masikio na kichwa, lakini hawakuinuka kumwendea. Hapa ndipo wengi wanapomdhulumu. Humwita paka, paka hatoki mahali pake, nao husema hajui kitu. La hasha, amesikia na amekutambua. Tofauti yake na askari ni kwamba yeye hakula kiapo cha utii. Mwaka 2021 wataalamu wengine wa Ujapani walionyesha kwamba paka hushika moyoni mahali alipo mwenyewe hata kama hamwoni: sauti iliyosikika upande mmoja ilipotokea ghafla upande mwingine, paka walishangaa.

Juu ya mapenzi, wataalamu hawajakubaliana. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, waliwapima paka 20, wasione dalili kwamba paka humtegemea mtu kwa usalama wake kama mtoto anavyomtegemea mama. Mwaka 2019 watafiti wa Oregon State, Marekani, waliwaweka paka katika chumba kigeni dakika mbili pamoja na mwenyewe, dakika mbili peke yao, kisha dakika mbili tena pamoja naye. Waliona kwamba kiasi cha watoto wa paka 64 katika kila 100, na paka wazima karibu 66 katika kila 100, walitulia aliporudi, wakaendelea kukagua chumba bila hofu. Hata tukiyapokea maneno ya pande zote mbili, hakuna aliyethibitisha kwamba paka hajali nani yupo na nani ameondoka.

Sasa tuje kwenye upweke. Paka mzima mwenye afya huweza kukaa peke yake saa kadhaa bila taabu, kwa kuwa sehemu kubwa ya siku yeye hulala. Askari anayekwenda lindo na kurudi hana haja ya kusononeka. Hata hivyo saa hizo zina hesabu yake. Wataalamu wa Uswidi, mwaka 2017, waliwalinganisha paka 14 walioachwa nusu saa na walipoachwa saa nne. Baada ya saa nne walikoroma na kujinyoosha zaidi mwenyewe aliporudi. Huko Brazili, mwaka 2020, wenye paka 130 waliulizwa juu ya paka 223, na paka 30 kati yao walionekana kuwa na matatizo ya kuachwa: kulia mno, kuharibu vitu, kukojoa pasipostahili, au kuzubaa. Matatizo hayo yalihusiana na kukosa vitu vya kuchezea, kukosa mnyama mwenza, na kuachwa kwa saa nyingi.

Ikiwa mambo ndiyo hayo kwa saa chache, itakuwaje kwa mwaka mzima? Tangu mwaka 2007 wanajeshi wa Uganda wamekuwa wakipelekwa Somalia, na askari polisi nao huhamishwa kutoka wilaya hadi wilaya. Kuondoka ni sehemu ya kazi yetu. Kutelekeza si sehemu yake.

Wako watakaosema kwamba askari ana mambo makubwa kuliko paka. Tunawajibu kwa mfano wa vita. Mwezi Aprili 1949 meli ya kivita ya Uingereza, HMS Amethyst, ilipigwa mizinga katika mto Yangtze, Uchina, ikazuiliwa huko hadi mwisho wa Julai. Paka wa meli, jina lake Simon, alijeruhiwa. Alipopata nafuu akarudi kuwinda panya waliokuwa wakila akiba ya chakula. Mabaharia hawakumwacha bandarini, bali walirudi naye kwao, na akatunukiwa nishani ya Dickin, paka pekee aliyepata kutunukiwa nishani hiyo. Alifariki mwezi Novemba mwaka ule ule akiwa karantini. Watu wale nao walikuwa na mambo makubwa.

Tena kuna madhara kwetu wenyewe. Paka aliyetelekezwa hana wa kumpeleka kwenye chanjo, naye aweza kuambukizwa kichaa cha mbwa na kumwambukiza mtoto kwa kumwuma. Katika sehemu zenye tauni, paka naye huugua na huweza kumletea mtu ugonjwa huo. Na kambi zilizo karibu na mbuga za wanyama, paka hao huingia porini wakazaana na kimburu, ukoo wake ukachafuka.

Basi tunapendekeza hivi. Anayekwenda kozi au ulinzi wa amani amkabidhi paka wake kwa jirani anayejulikana kwa jina, na jirani huyo aanze kumlisha siku kadhaa kabla ya safari. Jirani amwangalie vyema, maana paka akisusa chakula kwa siku chache ini lake laweza kudhurika. Anayehama na jamaa zake amchukue katika kikapu chenye kifuniko, na huko aendako amweke ndani wiki mbili au tatu hadi apazoee. Paka wote wachanjwe, na wasiotakiwa kuzaa wahasiwe na daktari wa mifugo. Na wakuu wa kota, wanapokagua vitasa na madirisha wakati wa makabidhiano, waulize pia: paka yuko wapi, na nani amempokea?

Wahenga walisema kwamba paka wa nyumba haingwa. Askari hukabidhi bunduki, ghala na lindo, wala haondoki mpaka aliyempokea ameitikia. Kiumbe hai kilichomtegemea nacho kina haki ya kukabidhiwa.