Kitabu cha Kutisha, Kikisomwa Mpaka Mwisho

Mwezi uliopita baada ya Misa ya pili pale Minara Miwili, mama mmoja kijana alinifuata uani. Alinisalimia, "Shikamoo mama," kisha akatoa mkobani kitu alichokizongoa kwa kipande cha kanga, kama vile mtu anayeleta choo cha mtoto kupimwa. Alipokifungua nikaona kitabu kikuukuu, jalada limeungwa kwa gundi: Kisima cha Giningi. Alikuwa amemnyang'anya mwanawe wa miaka kumi na minne, aliyekuwa akikisoma usiku wa manane chini ya shuka kwa mwanga wa simu.

"Mama, wewe ni mtu wa hospitali," aliniambia. "Vitabu hivi vya mauaji na wachawi havimharibu mtoto akili? Hata jina lake linatisha."

Ni kweli, kwa mtu aliyekulia Unguja jina la Giningi si la kutajwa ovyo usiku. Wazee wetu walituambia ndiko wachawi wanakokutana. Nilimwomba yule mama aniachie kitabu wiki moja nikifikirie. Sikumwambia kwamba nilikuwa nakitaka mwenyewe, maana changu kiliazimwa zamani na hakijarudi hadi leo. Jibu nililompa ni hili hapa, na naliandika katika ukurasa huu wa afya kwa sababu najua wazazi wengi wana shaka kama yake.

Tuanze na mwandishi. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Alipomaliza masomo mwaka 1938 hakuanza kazi na kalamu. Aliajiriwa katika Idara ya Afya kuwa mkaguzi, na alifanya kazi hiyo miaka kumi kabla ya kuingia katika magazeti. Kwa lugha yetu alikuwa bwana afya. Nyote mnamjua bwana afya: ndiye anayeinama kuchungulia pipa la maji, anayeuliza nani aliugua kwanza, alikula nini, kwa nani, na choo kiko umbali gani na kisima. Haridhiki na jibu la "Mungu kapenda" mpaka atazame kisima kwanza. Mimi naamini yule mpelelezi wake maarufu, Bwana Msa, na kiko chake mdomoni na rafiki yake Najum ubavuni, alizaliwa katika kazi ile, ijapokuwa ni mawazo yangu tu na sikutumwa na mtu kuyasema.

Hadithi yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya uandishi wa Kiswahili ya mwaka 1957 hadi 1958, ikachapishwa kitabu mwaka 1960. Kisima cha Giningi kilifuata mwaka 1968. Katika kile cha kwanza maiti inakutwa mzimuni. Wenyeji wana jibu tayari: mizimu imekasirika. Bwana Msa hawacheki wala hawatukani. Anavuta kiko chake na kuuliza. Nani alimwona marehemu mara ya mwisho? Nani alikuwa na kisa naye? Nani atafaidika? Mwisho wa kitabu inadhihirika kuwa ni mkono wa binadamu. Mzimu ulikuwa umesingiziwa.

Mtu akisoma vitabu vitatu vya namna hii amejifunza kitu ambacho sisi wauguzi tulifundishwa kwa miaka mitatu na mitihani juu yake: usikubali sababu ya kwanza unayopewa, kabla hujatazama. Na wala si ajabu, kwa kuwa hadithi za upelelezi zina udugu na hospitali tangu zamani. Arthur Conan Doyle, aliyemtunga Sherlock Holmes, alikuwa daktari. Alisomeshwa Edinburgh na daktari wa upasuaji Joseph Bell, ambaye alisifika kwa kumtazama mgonjwa mikono, viatu na mwendo, akaeleza kazi yake na atokako kabla hajafungua kinywa. Holmes alitokana naye. Hadithi ya kwanza ya Holmes ilitoka mwaka 1887, na mwaka huo huo Bell alitoa kitabu cha kuwafundisha wauguzi mambo ya upasuaji. Basi sisi wauguzi na Holmes tuna mwalimu mmoja! Nimewaambia hivyo wanafunzi wangu mara nyingi, hasa wanaoandika chati ya mgonjwa bila kumtazama usoni.

Wako watakaosema kuwa hayo ni ya madaktari, na kwamba Mkristo mwema hafai kusoma habari za mauaji. Hao nawakumbusha Padre Brown, padre mfupi mwenye mwavuli aliyetungwa na G. K. Chesterton, kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1911, na Chesterton mwenyewe akapokelewa katika Kanisa Katoliki mwaka 1922. Yuko pia padre wa kweli, Ronald Knox wa Uingereza, aliyeandika hadithi za upelelezi kwa mkono wake. Mwaka 1929 Padre Knox aliweka kanuni kumi za kutunga hadithi hizo, na moja inakataza kabisa kumaliza fumbo kwa nguvu zisizo za kawaida. Yaani hairuhusiwi kusema mwishoni kuwa muuaji ni pepo. Tazameni, padre aliyeamini kwa moyo wote yasiyoonekana ndiye aliyekataza kuyasingizia.

Sasa nieleze kwa nini naona jambo hili ni la afya, na si la burudani peke yake.

Mwaka 1995, nikiwa muuguzi kijana, visiwa vyetu vilipatwa na hofu ya Popobawa. Ilianzia Pemba ikavuka hadi Unguja. Mambo yaliyosemwa mengine hayaandikiki katika gazeti la familia. Watu walitoka vyumbani wakalala nje makundi kwa makundi, wazee na watoto, moto umewashwa, kila mmoja akimlinda mwenziwe asipitiwe na usingizi. Katika siku hizo mjini hapa umati ulimpiga na kumuua kijana mmoja mgonjwa wa akili, kwa kudhani ndiye Popobawa. Kijana huyo alikuwa amekuja kutafuta matibabu.

Wengi walioeleza yaliyowapata usiku walisema maneno yanayofanana: nimeamka, naona chumba, nataka kupiga kelele siwezi, kitu kimenikalia kifuani. Wazee wetu waliiita hali hiyo jinamizi, na hospitali inaifahamu. Ubongo umezinduka lakini misuli bado imefungwa na usingizi. Mtu hushindwa kujitikisa kwa sekunde kadhaa au dakika moja mbili, na katika hali ile huweza kuona au kusikia visivyokuwepo. Huwapata zaidi waliokosa usingizi na wanaolala chali. Fikirini sasa mji mzima umekosa usingizi kwa wiki nyingi kwa ajili ya hofu! Hofu ilizaa jinamizi, na jinamizi likazaa hofu. Sisemi kwamba kila kilichosemwa mwaka ule nina maelezo yake. Nasema kuwa hakuna aliyeuliza kabla yule kijana hajafa.

Hadithi ya kutisha iliyomo kitabuni ina ukurasa wa mwisho. Moyo unapiga mbio, viganja vinatoka jasho, mwili unamwaga ile homoni ya adrenalini kama kwamba hatari iko mlangoni. Kisha fumbo linafumbuliwa, kitabu kinafungwa, na baada ya muda mfupi mapigo yanarudi mahali pake. Mtoto amezoea kuogopa na kutoka salama upande wa pili. Uvumi hauna ukurasa wa mwisho. Unaupokea jioni barazani, siku hizi kwa sauti iliyotumwa kwenye simu, na unalala nao.

Katika miaka ileile ya tisini aliletwa wodini kwetu mtoto wa kike wa miaka miwili kutoka shamba. Alikuwa na homa kali na degedege. Wakubwa wenzangu mnakumbuka yaliyokuwa yakisemwa: mtoto kapitiwa na dege, na akidungwa sindano hali ya degedege atakufa. Kwa hiyo walimkalisha nyumbani siku mbili, akafukizwa na kufungwa hirizi. Alipofika hajitambui. Damu yake ilipowekwa chini ya hadubini ilijaa vijidudu vya malaria. Tulimpa dawa usiku kucha, na alfajiri akafariki mikononi mwangu. Bibi yake alinitazama akasema, "Unaona? Ni ile sindano."

Katika nyumba ile hapakuwa na mtu mjinga. Bibi alimpenda mjukuu wake kuliko nafsi yake. Ila hofu yao ilikuwa na jibu tayari, basi hawakuona haja ya kuuliza. Tangu siku ile kila nikisoma mahali Bwana Msa anapokaa kimya akavuta kiko, nafikiria nyumba ile, na kwamba pangekuwa na mtu mmoja, hata mtoto wa skuli, wa kusema: "Bibi, na kama si dege?"

(Malaria imepungua mno Unguja katika miaka ya 2000 na kuendelea, tunamshukuru Mungu, lakini haijaondoka, na homa nyingine pia huleta degedege. Mtoto akipatwa, mlazeni ubavu, msimtie kijiko wala kidole mdomoni, msimbane kwa nguvu, kisha mleteni upesi. Sindano haiui mtoto mwenye degedege.)

Hadithi za kubuni za kisayansi nitazipitia kwa haraka, maana mimi si mpenzi wao sana kama wanangu. Lakini hata hizo Zanzibar imo. Mfaransa Jules Verne, katika riwaya yake ya kwanza ya mwaka 1863, alimrusha daktari mmoja kwa puto kutoka hapa kwetu avuke Afrika kwa wiki tano. Verne hakuwahi kufika, na wenyeji amewafanya watu wanaoona puto ni uadui kwa jua na mwezi, hata safari ikabidi ianzie kisiwa kidogo cha pembeni. Hapo namlaumu. Mwingereza John Brunner naye alitoa mwaka 1968 riwaya yenye jina la kisiwa chetu, akikisia kwamba kufikia mwaka 2010 watu wote wa dunia, bilioni saba, wangeweza kusimama Zanzibar bega kwa bega. Idadi hiyo ya watu ilitimia mwaka 2011, kwa hiyo hakukosea sana. Kwa Kiswahili anayenivutia ni Katama Mkangi wa Kenya, ambaye katika Walenisi ya mwaka 1995 anamrusha mtu kwa chombo hadi nchi ya watu wanaoishi kwa haki; ukilisoma jina lile polepole utasikia kuwa wale ni sisi. Kijana akivisoma vitabu hivyo amejiuliza, "Je, ikiwa?" na swali hilo si dogo.

Msinielewe kuwa naruhusu kila kitu. Viko vitabu vya kusisimua ambavyo damu na uasherati ndiyo hadithi yenyewe, ukivitoa hivyo hakibaki kitu. Hivyo mzazi avipitie kwanza. Na filamu si sawa na kitabu. Msomaji akiogopa huweka kitabu chini, na picha anazoziona ni za kadiri ya umri wake. Filamu haimsubiri mtu. Sisi tulipokwenda senema Majestic pale Vuga au Cine Afrique ya Malindi tulikuwa kundi, tukipiga kelele pamoja, kisha tunarudi kwa miguu tukibishana, na hofu inaisha kabla ya kufika nyumbani. Mtoto wa leo anaitazama peke yake kitandani. Mtoto wa chini ya miaka saba au minane bado hatenganishi vizuri cha kweli na cha kubuni. Akiona jitu usiku ataota jitu, ataamka akilia, na pengine atakojoa kitandani, nanyi mtamchapa kwa kosa ambalo si lake. Watoto wenye kifafa waangaliwe kwa mwanga unaowaka na kuzimika haraka: mwaka 1997 huko Japani katuni moja ya televisheni ilipeleka karibu watoto 700 hospitali kwa siku moja, wengine wakiwa na degedege. Simu zote zitoke chumbani saa moja kabla ya kulala. Kwa hilo peke yake yule mama alikuwa na haki ya kukasirika, kwani mtoto wa miaka kumi na minne anahitaji saa nane za kulala, na Bwana Msa anasomeka vilevile alasiri.

Kwa hiyo Jumapili iliyofuata nilimrudishia kitabu kikiwa kimefungwa katika ile kanga yake. Nilimwambia asimpe mwanawe bado. Akisome yeye kwanza, chote, halafu wakisome wote wawili wakiulizana nani wanamshuku na kwa sababu gani. Alikipokea kwa vidole viwili.

Jumapili iliyopita nilimwona tena nje ya kanisa, macho mekundu kama mtu aliyekesha. Nikafungua kinywa nimuulize amefika wapi. Akaniwekea mkono mdomoni. "Mama, tafadhali," akasema, "usinambie nani kafanya."