Anayeufupisha Mkuyu Amebeba Amana

Wahenga walituusia tumkunje samaki angali mbichi. Usia huo nimeushika miaka yote, wala sikudhani kwamba ipo siku mti utanionyesha kinyume chake. Lakini katika kitalu kimoja cha miche huko Kwanza, kaskazini ya mji wa Kitale, niliuona mkuyu uliokwisha kukomaa, shina lake nene kama paja, ukikatwa kwa msumeno mpaka ukawa haunifiki magotini. Mwenye kitalu hakuwa akiuua. Alikuwa akianza kuufanya bonsai, yaani ile sanaa ambayo Wajapani waliipokea kutoka Uchina, ya kuulea mti ndani ya chungu ukabaki mdogo wa kimo na mzee wa sura.

Wengi wetu hudhani kwamba bonsai ni mche uliodumazwa kwa njaa. La hasha. Mche ukitiwa chunguni ungali mdogo, shina hukawia mno kunenepa. Kwa hiyo wajuzi huuacha kwanza ukue, kisha ndipo huufupisha. Mikuyu mikubwa ya vitaluni huifaa kazi hii, hasa ile iliyokosa wanunuzi kwa kuwa watu huogopa mizizi yake isije ikapasua misingi ya nyumba. Tena jamii hii ya miti ina ustahimilivu wa ajabu. Ng'ambo ya mpaka, Waganda huchuna gome la mutuba wakafanya nguo, na mti ukavaa gome jingine. UNESCO iliutangaza ufundi huo mwaka 2005 kuwa ni urithi wa wanadamu wote.

Shina hukatwa mvua zinapoanza, mwezi wa Machi au Aprili. Mti ukichipua, machipukizi machache huchaguliwa na mengine huondolewa. Mizizi minene iendayo chini hupunguzwa kidogo kidogo, na ile iliyotandaa juu huachwa ionekane. Matawi hufungwa waya ili yapinde, na waya hufunguliwa kabla haujazama katika gome. Miaka ikipita, majani hupungua ukubwa. Lakini mti ukizaa, tunda hubaki na kadiri yake ile ile ya asili.

Mimi nami nilinunua mmoja, nikaumwagilia maji kwa bidii muda wa miezi minne. Ikaja Idi, nikateremka Mombasa kuwaona jamaa, nikakaa majuma matatu. Niliporudi nilikuta kuni. Chungu kilikuwa barazani chini ya paa, na mvua ya Kitale ilikuwa ikinyesha hatua mbili tu kando yake. Nilipomweleza mwenye kitalu hakunilaumu. Aliniuliza neno moja tu: "Mzee, uliuacha na nani?"

Swali hilo halijanitoka. Mkuyu ulio kando ya mto Nzoia hujitafutia maji yake wenyewe. Wa chunguni hauna mto wala mvua ila mkono wa mwenyewe. Tangu siku tunapoikata mizizi yake, kiu yake inakuwa juu yetu. Wenzetu wa Mombasa na Lamu na wazingatie zaidi: joto la pwani litauchipuza mti upesi kuliko baridi ya Kitale, lakini litakikausha chungu kwa siku moja.

Wako waulizao kama ni halali kuubana mti namna hii. Mimi si mwanachuoni, na fatwa nawaachia wenyewe. Nijualo ni kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha kuwa Muislamu apandaye mti, ukaliwa na mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Mti wa chunguni haumpi msafiri kivuli wala ndege kiota. Basi mwenye kuufupisha ana deni.

Rai yangu ni hii. Asiyeweza kuutazama mti kila siku asiuguse. Anayeweza, anunue wa kitaluni. Asiende kuchimbua mikuyu ya kando ya mito wala ya makaburini. Na kila autiaye mmoja chunguni, apande mwingine ardhini, mbali na kuta. Mwaka 2020, huko Waiyaki Way, Nairobi, mgumo mmoja wa zaidi ya miaka 100 ulinusurika na barabara mpya kwa amri ya Rais. Lakini hatuwezi kungojea amri ya Rais kwa kila mti.

Nimenunua mwingine, na wa pili nimeupanda nje ya ua, penye nafasi. Chungu safari hii kimekaa uani, penye mvua na jua. Nikisafiri tena, jibu la mwenye kitalu ninalo: nimeuacha na jirani, naye ameukubali.