Jua ni la Bure, Betri Si ya Bure



Siku hizi kila azungumzaye habari za umeme wa jua husema mambo mawili: kwamba jua ni la bure, na kwamba halitakwisha. Yote mawili ni kweli. Lakini mimi naona kuyarudia hayo mawili tu, bila kuongeza la tatu, ndiko kulikotufanya tukae gizani muhula wa tatu wa mwaka jana, huku paneli za sola zikiwa zima kabisa juu ya paa. Kilichokufa si jua, wala si paneli. Kilichokufa ni betri. Jambo la tatu ambalo hatulisemi ni kwamba kulinasa jua na kulihifadhi kuna gharama, na gharama hiyo haiishi siku ya kukata utepe. Nawaandikia wanafunzi wenzangu, na hasa kaka zetu waliotutangulia, ambao kila mwaka huuliza shule inataka msaada gani.

Kwanza nitoe haki kwa umeme wa jua, maana faida zake ni nyingi. Paneli ya kwanza ya silikoni yenye kufaa kwa kazi ilitengenezwa Marekani mwaka 1954 katika maabara ya Bell, nayo iligeuza kama sehemu 6 tu katika 100 za nguvu ya jua kuwa umeme. Paneli za leo hugeuza kama sehemu 20 katika 100, na bei yake kati ya mwaka 2010 na 2020 ilishuka mno. Nchini mwetu Uganda, kituo cha Soroti cha megawati 10 kilifunguliwa mwaka 2016, cha Tororo cha megawati 10 mwaka 2017, na cha Kabulasoke cha megawati 20 mwaka 2019. Haya si mambo ya kusimuliwa kutoka ng'ambo.

Tena, sisi tunaokaa karibu na mstari wa Ikweta tuna bahati ambayo watu wa Ulaya hawana. Kwao siku za baridi mchana huwa mfupi sana. Kwetu mchana ni kama saa 12 mwaka mzima. Na huko vijijini, faida ya kwanza ya sola ni kuiondoa tadooba mezani. Kila aliyesoma kwa taa ile ya mkebe anajua moshi wake unavyowasha macho na kutia masizi puani, na jinsi inavyoweza kuangukia chandarua na kuunguza nyumba. Taa ndogo ya sola imewaondolea watoto wengi mashaka hayo.

Sasa tuangalie mipaka yake, tena kwa hesabu tulizofundishwa darasani. Jua kali la saa sita huangusha kama wati 1,000 juu ya kila mita moja ya mraba. Paneli yenye ukubwa huo hutoa kama wati 200. Siku njema ni sawa na saa tano hivi za jua kali. Basi mita moja ya mraba hutupa kama yuniti moja ya umeme kwa siku. Je, yuniti moja ni nyingi au chache? Yategemea unaitumia wapi. Taa za wati 10, hata tukitoa kile kinachopotea njiani, zaidi ya 20 zitawaka kwa saa tatu za masomo ya usiku. Lakini pasi ya wati 1,000 itaimaliza yote kwa saa moja. Na kuchemsha lita 100 za maji ya posho kutahitaji kama yuniti 9, yaani kazi ya siku nzima ya paneli za mita 9 za mraba, kabla hata unga haujatiwa. Ndiyo maana jiko letu bado linakula kuni, na asemaye kwamba paneli chache zitaziondoa kuni zote hajapiga hesabu.

Mpaka wa pili ni wakati. Jua huchwa karibu saa moja ya jioni, na sisi huingia darasani kwa masomo ya usiku saa hiyo hiyo. Mbaya zaidi, mitihani ya taifa ya kidato cha nne na cha sita huangukia miezi ya mwisho wa mwaka, wakati wa mvua ambazo Waganda huziita ddumbi. Mawingu hutanda siku tatu au nne mfululizo, paneli zikatoa sehemu ndogo tu ya umeme wake wa kawaida. Basi umeme hupungua majuma yale yale ambayo mwanafunzi anauhitaji kupita mengine yote.

Hapo ndipo tunapofika kwenye betri. Wahenga walisema akiba haiozi; lakini akiba ya umeme huoza. Paneli ikitunzwa yaweza kufanya kazi miaka 25. Betri ya risasi na asidi, ya aina tuliyo nayo, hudumu miaka michache tu, na huo ni muda wa betri iliyotunzwa. Ukiimaliza mara kwa mara kupita nusu, unafupisha maisha yake. Ukiacha maji yake yakauke, unaiua. Mtu akichomeka pasi au birika usiku kwa siri, anadhani ameiba umeme wa usiku mmoja. Kumbe amekula miezi ya wenzake watakaokuja baada yake.

Wengine watasema: tuachane na mashaka haya, tungoje umeme wa mto Nile. Ni kweli bwawa la Karuma, lililozinduliwa mwaka 2024, lina megawati 600, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini bwawa kubwa haliuzuii mti kuangukia waya wakati wa dhoruba, na dhoruba huja katika miezi ile ile ya mitihani. Mimi sioni kwamba yatupasa kuchagua kimoja na kukitupa kingine. Umeme wa waya ufanye kazi nzito, na sola ilinde taa za masomo.

Basi haya ndiyo maoni yangu.

Kwanza, kazi zote ziwezazo kufanywa mchana zifanywe mchana. Pampu ivute maji jua likiwa kali na kuyajaza kwenye tangi. Hapo tunahifadhi maji badala ya umeme, na tangi halihitaji asidi. Zipo hata friji za chanjo ziendazo kwa jua bila betri, maana huhifadhi baridi katika barafu. Betri ibaki kwa taa tu.

Pili, kila muhula fedha kidogo ziwekwe kando kwa ajili ya betri inayofuata, tangu siku ile ya kwanza betri mpya inapofungwa.

Tatu, wanafunzi wa fizikia wakabidhiwe mita na daftari, wapime betri kila juma, watie maji ya betri inapopasa, na wafute vumbi juu ya paneli. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nne, betri zilizokufa zisipasuliwe nyuma ya karakana. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Zirudishwe kwa wanaozinunua na kuziyeyusha kwa utaratibu unaofaa.

Na kwenu, kaka zetu: tunawashukuru kwa paneli. Zinang'aa juu ya paa, na kila mgeni aingiaye langoni huziona. Betri haionekani, hukaa gizani ndani ya chumba kidogo, na hakuna apigwaye picha akiikabidhi. Hata hivyo mwaka huu msituletee paneli nyingine. Tuleteeni betri, na mtulipie fundi aje mara moja kila muhula kuwafundisha wale watakaobaki hapa sisi tukiondoka. Mtihani hauwangoji wanafunzi wa kidato cha nne mpaka mawingu yapite.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita