Afya Nyumbani: Ukuta Unaolia

Mama mpendwa,

Mwezi huu sitasema habari za chanjo wala za uji wa mtoto. Nataka tuzungumze habari za ukuta.

Wakati wa masika mama mmoja wa ushirika wetu alibisha hodi kwangu saa tatu usiku. Mgongoni alikuwa na mtoto wake wa miaka mitatu, anakohoa na kifua kinapiga miluzi. Ilikuwa mara ya nne tangu mvua zianze. Dawa za kikohozi za kila namna alikwisha kuzitumia, na jirani mmoja alikwisha kumnong'oneza kwamba mtoto amerogwa. Tulimkimbiza hospitali, akatibiwa.

Siku chache baadaye nilikwenda kumtembelea pamoja na mwenzangu wa kikundi cha maombi. Nyumba yao imejengwa kwenye mteremko, kama zilivyo nyumba nyingi za Tukuyu, Lushoto na Bukoba. Mafundi walichonga kilima wakapata kiwanja, kisha wakarudishia udongo nyuma ya nyumba hadi karibu na usawa wa dirisha. Chumba cha watoto kiko huko nyuma. Nilipogusa ukuta, kiganja changu kililowa. Rangi ilikuwa imevimba malengelenge, chini kulikuwa na unga mweupe, na pembeni madoa meusi yenye harufu ya uvundo. Kitanda cha mtoto kiliegemea ukuta huo huo. Na katikati ya chumba palikuwa na jiko la mkaa.

"Dada, huwa naliwasha jioni ili ukuta ukauke kabla watoto hawajalala," aliniambia.

Nilisahau hata kuketi. Nilimwomba alitoe jiko hilo nje kwanza, ndipo tusalimiane.

Jiko la mkaa si dawa ya ukuta

Mama, naomba usikie jambo hili hata kama hutasoma mengine. Mkaa unaowaka hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Ndani ya chumba kilichofungwa hewa hiyo huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hulala asiamke. Ukiona dalili hizo, watoe watu wote nje penye hewa safi na uwapeleke hospitali mara moja. Tena jiko halikaushi ukuta. Hukausha uso wake tu, na asubuhi maji yamerudi, kwa sababu chanzo chake hakijaguswa.

Maji yanatoka wapi?

Wengi hudhani zege na tofali za saruji hazipitishi maji. Sivyo. Zina vitundu vidogo sana, na maji hupita humo kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi. Udongo uliolowa ukiegemea ukuta, maji hupenya mpaka ndani, yakibeba chumvichumvi za udongo na za saruji. Maji yanapokauka, chumvi hubaki. Huo ndio unga mweupe.

Lakini si kila ukuta uliolowa umelowa kutoka nje. Pengine ni jasho: mvuke wa kupika, wa nguo zilizoanikwa ndani na wa pumzi za watu wanaolala hukutana na ukuta wa baridi ukageuka maji. Dawa za matatizo haya mawili ni tofauti, kwa hiyo pima kwanza.

Chukua kipande cha nailoni cha upana wa nusu mita. Futa ukuta, ukibandike, na uzibe kingo zote kwa gundi ya utepe. Kiache kwa siku mbili. Maji yakionekana juu ya nailoni, upande wa chumbani, hilo ni jasho: ongeza hewa chumbani. Maji yakiwa nyuma ya nailoni, yanatoka ukutani: kazi iko nje. Angalia pia kama kuna bomba linalovuja karibu.

Kazi huanzia nje

Baba wa nyumba ile hakuwa mzembe. Kila Krismasi alinunua rangi ya mafuta akapaka, na ilipofika Machi ilikuwa imechubuka. Kosa halikuwa la rangi. Maji yanayosukuma kutoka nyuma hubandua rangi na hata lipu. Ukiziba kwa ndani tu, maji hutafuta njia nyingine au hupanda juu zaidi. Fuata utaratibu huu:

1. Anza na maji ya paa. Weka gata, na bomba lake lipeleke maji mbali na nyumba. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 50 likipokea kiasi hicho, ni lita 100,000 zinazomwagika kandokando ya msingi wako.

2. Sawazisha ardhi iteremke kutoka ukutani, yapata sentimita 15 katika mita 3 za kwanza. Penye kilima nyuma ya nyumba, chimba mfereji upande wa juu ili maji ya mlimani yazunguke nyumba yasiigonge.

3. Ondoa udongo unaoegemea ukuta. Kama inawezekana, acha uwazi kabisa kati ya ukuta na kilima. Kama haiwezekani, ukuta ufunuliwe, usafishwe, upigwe lipu yenye dawa ya kuzuia maji, kisha upakwe lami ya majimaji mara mbili, na kila mpako ukauke vizuri. Chini liwekwe bomba lenye matundu ndani ya kokoto, likiteremka angalau sentimita 1 kwa kila mita, na mdomo wake utokee mahali pa chini zaidi.

Kazi ya tatu si ya akina mama na majembe yao, wala si ya vijana peke yao. Mtaro mrefu unaweza kubomoka na kumfukia mtu. Ukichimbwa chini ya msingi, nyumba itapasuka. Pia ukuta unaoshikilia kilima unahitaji fundi anayejua uzito wa udongo. Mtafute fundi mwenye uzoefu, achimbe kipande kwa kipande, tena wakati wa kiangazi.

Ndani ya chumba

Wakati ukingoja kiangazi, sogeza kitanda na kabati mbali na ukuta, angalau upana wa kiganja, hewa ipite. Fungua madirisha mchana. Anika nguo nje. Toa magodoro juani.

Madoa meusi ni kuvu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 juu ya unyevu na kuvu majumbani, likieleza kwamba wanaoishi katika nyumba za namna hiyo hupatwa zaidi na matatizo ya kupumua na pumu. Sugua madoa kwa maji ya sabuni na brashi, ukiwa umevaa glavu na kufunga kitambaa puani, watoto wakiwa nje. Ukitumia dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, usiichanganye kamwe na dawa ya kusafishia choo wala na yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.

Na usingoje ukuta ukauke ndipo umpeleke mtoto hospitali. Mhesabie pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Mtoto wa miezi 2 hadi 12 akipumua mara 50 au zaidi, au wa mwaka 1 hadi 5 akipumua mara 40 au zaidi, anahitaji mganga. Ukiona kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au anashindwa kunyonya au kunywa, ondoka saa hiyo hiyo.

Zungumza na mwenzako

Mama yule alikiri kwamba amemsema mumewe maneno makali juu ya ukuta, hata mbele ya watoto. Baba naye akawa hapendi kusikia habari hiyo. Nilimshauri wabandike nailoni pamoja. Baada ya siku mbili baba mwenyewe aliibandua, akaona maji yametoka ukutani. Wakaketi jioni, wakajumlisha fedha za rangi ya miaka mitatu na za dawa za mtoto. Hakuna aliyemlaumu mwenzake tena. Walianza na gata, kwa kuwa ndiyo waliyoimudu. Kiangazi wakamwita fundi, na wanaume wa ushirika wakasaidia kubeba kokoto.

Ukuta haukukauka kwa wiki moja; ulichukua miezi. Pembe moja bado hulowa kidogo mvua zikizidi. Lakini masika yaliyofuata mtoto aliugua kifua mara moja tu, na jiko likabaki jikoni.

Soma Mambo ya Walawi 14, kuanzia mstari wa 33. Utashangaa kuona Mungu akiwaagiza watu wake habari za madoa ya ukutani: kuhani aje ayatazame, nyumba ifungwe siku saba, mawe yaliyoharibika yatolewe, ukuta ukwanguliwe na kupakwa upya. Hakuwaagiza wapake rangi juu ya doa. Wala kuhani hakutumwa kumtafuta jirani mchawi. Alitumwa kuukagua ukuta.

Tuwaombee watoto wetu, mama, na tukisema amina, twende tukaguse ukuta walikolalia.

Bwana akubariki wewe na nyumba yako.