Tusione Haya Kuinama Chini ya Gari

Ndugu zangu, Ijumaa nyingi mimi hupita Soko la Al-Zal, hapo Al-Dirah karibu na ngome ya Masmak, na huwaona wazee wetu wakinunua majambia. Jambia litageuzwa mara kumi, litatolewa alani, mpini utakwaruzwa kwa ukucha ijulikane kama ni pembe ama plastiki. Kisha mzee huyo huyo akienda kununua Land Cruiser ya zamani, hutazama rangi, husikiliza mlio wa injini, akahesabu fedha.

Mwaka juzi mjinga alikuwa mimi. Nilinunua FJ40 huko Jeddah kwa Riyali 58,000, kutoka kwa mtu tunayekutana naye harusini. Istimara ililingana na kibao kilichomo ndani ya boneti, tarakimu kwa tarakimu, nikaridhika. Sikujua kwamba Toyota hizo, zilizotengenezwa tangu 1960 hata 1984, zina nambari nyingine iliyogongwa katika chuma cha chasisi chenyewe, upande wa kulia, mbele, karibu na gurudumu. Fundi wangu wa Riyadh ndiye aliyepasugua mahali hapo kwa brashi ya waya. Ikatoka nambari ngeni kabisa. Na kile kibao kilikuwa kimekazwa kwa skrubu, hali kiwandani hupigwa ribiti. Kumbe karatasi za gari lililokwisha kufa zimevikwa gari jingine. Hilo jingine lilitoka wapi? Lilizuiliwa, nami nikabaki na ufunguo.

Magari ya Marekani ya tangu modeli ya 1981 yana nafuu. Nambari yake ni ya herufi na tarakimu 17, na ya kumi hutaja mwaka: Caprice yenye F mahali hapo ni ya 1985, hata muuzaji aape ni ya 1989. Herufi I, O na Q hazimo kabisa. Ukiziona, kibao hicho kimechongwa uchochoroni. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na utaratibu wake, na hapo ndipo wadanganyifu wanapopapenda.

Wako watakaosema kubadili chasisi si kosa, kwani chumvi ya Bahari ya Shamu hula chuma. Kweli. Lakini aliyebadili kwa haki huandikisha, na humwambia mnunuzi kabla hajaulizwa. Anayehamisha kibao usiku anajua anachokificha.

Shida yetu sisi tuliotoka Unguja, Mombasa na Ngazija ni haya. Kulala chini ya gari la mtu wetu twaona ni kumtukana, na madalali wameijua haya hiyo siku nyingi.

Sasa mimi huenda na tochi, brashi ya waya na mkeka mkuukuu. Mwezi uliopita muuzaji mmoja alinuna aliponiona natandika. Nikamwomba anishikie tochi.